Injini Iliyofunguliwa

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na gari lilikuwa linapanda mlima wa Lwifwa bila kulalamika. Subilaga aliisikiliza injini kwa sikio moja, sikio la pili likiwa kwa mumewe. Gwamaka alikuwa ameegemea mlango, kiganja kimekandamiza kifua, jasho linamtiririka ingawa baridi ya Rungwe ilikuwa imeingia mpaka ndani ya gari.

"Inaunguruma kama paka aliyeshiba," Gwamaka alisema, akijaribu kutabasamu. "Hiyo injini yako."

"Usiongee. Pumua tu."

"Naisifia kwa mara ya kwanza, halafu unaninyamazisha."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka yote ya ndoa yao Gwamaka alikuwa akiiita kila injini "mume mwenzangu." Wiki nzima Subilaga aling'oa na kuziba meno ya watu wa Tukuyu, na Jumamosi ikifika alivaa ovaroli, akaingia kwenye banda nyuma ya nyumba pamoja na shemeji yake Ambonisye. Huko walifungua injini zilizookotwa kwenye marundo ya vyuma chakavu, wakasaga vali, wakabadilisha ringi, wakachonga silinda, mpaka chuma kilichotupwa kikaunguruma tena. Hawakuwa mafundi wa kulipwa. Walipenda tu. Gwamaka aliwaletea chai na kuwacheka kwa masizi usoni.

Injini ya gari hili ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa nzito na ya moshi mwingi. Subilaga aliitengenezea pistoni nyepesi, akarekebisha pampu ya mafuta ya mbono, na tangu hapo ikawa inapanda Lwifwa kama inateremka. Miezi mingi walikuwa wamelitumia, na Mlinzi, chombo cha usalama kilichofungwa ndani ya kila injini, hakuwahi kusema neno.

Sasa Mlinzi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Injini hii haitambuliki. Kwa usalama wako, gari litasimama mahali salama."

"Nini?" Subilaga alisema. "Hapana. Hapana!"

Alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kanyagio lilishuka kama linakanyaga maji. Gari lilijisogeza lenyewe kando, likaingia kwenye kijisehemu cha kuegesha kwenye kona, likazima.

"Nina mgonjwa!" alipiga kelele. "Mgonjwa wa moyo! Nampeleka hospitali Mbeya!"

"Pole kwa usumbufu. Msaada umeitwa. Tafadhali subiri ndani ya gari."

Alitoka mbio akasimama katikati ya barabara, mikono juu. Gari la kwanza lilipunguza mwendo, likamzunguka kwa adabu, likaendelea. Dereva, mzee aliyevaa kofia ya sufu, alikuwa anagonga kioo kwa ngumi na kumwelekeza dashibodi yake. Subilaga alimwelewa. Mlinzi wa gari lile hakumruhusu kusimama, kwa sababu kwenye kona ile paliruhusiwa gari moja tu, na gari hilo lilikuwa lake yeye. La pili likapita hivyohivyo. La tatu lilikuwa na watu wanne ndani, wote wamemgeuzia nyuso za huruma. Walitaka kusimama. Magari hayakutaka.

Alirudi kwa Gwamaka, akamtoa kwenye kiti, akambeba mgongoni kama mtoto. Alikuwa mtu mzito. Alipanda naye mlima kwenye mvua mpaka magoti yakakataa, akamlaza kwenye majani kando ya lami, akaanza kumkandamiza kifua kama alivyofundishwa chuoni. Aliendelea hata alipojua amekwisha kufa.

Gari la msaada la Shirika lilipofika, vijana wawili waliovaa makoti ya njano waliteremka na mwavuli. Mmoja alimwambia, "Mama, ungesubiri ndani ya gari."

*

Matanga yalipokwisha alikuja mtu kutoka Shirika la Mwendo Salama. Aliitwa Remigius Ndunguru, mkaguzi wa kanda, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye viatu visafi. Alivua kofia mlangoni. Subilaga alimpokea bandani, maana sebuleni bado walikuwapo shangazi zake Gwamaka. Ambonisye alikuwa ameketi juu ya kreti. Alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mtu wa maneno machache, na tangu wamzike mdogo wake hayo machache nayo yalikuwa yamepungua.

"Poleni sana kwa msiba," Ndunguru alisema. "Mama, nimetumwa kuja kuichukua injini."

"Kwanza nieleze. Ilitembea miezi. Siku ile kulikuwa na nini?"

Ndunguru alitazama kofia yake. "Usiku wa kuamkia siku ile lilishuka toleo jipya. Zamani Mlinzi alivumilia tofauti ndogo za mapigo ya injini. Kwa toleo hili havumilii."

"Mlitangaza?"

"Ujumbe ulitumwa."

"Kwa nani?"

"Kwa Walinzi."

Subilaga alicheka, kicheko kibaya. "Mmeliambia gari. Mimi ninayeliendesha hamkuniambia, mmeliambia gari."

"Mama, injini ikifunguliwa nje ya karakana zetu, Mlinzi hawezi kuwa na uhakika na breki, na usukani, na chochote. Akikosa uhakika anasimamisha. Hiyo ndiyo kazi yake." Kijana alizungumza taratibu, na ilionekana anayaamini anayoyasema. "Mwaka jana kutoka Uyole mpaka Kyela hakuna hata mtu mmoja aliyegongwa na gari akafa. Hata mmoja. Unakumbuka ilivyokuwa zamani."

"Nakumbuka. Mwaka huu yupo mmoja aliyekufa, na hakugongwa. Mmemhesabu?"

Ndunguru aliigeuza kofia mikononi.

"Nimekuuliza swali. Mmemhesabu?"

"Kwenye mfumo kimeingizwa kama kifo cha ugonjwa."

Spana kubwa ilikuwa mezani. Subilaga hakukumbuka baadaye aliishikaje, ila aliikuta mkononi, na Ndunguru amerudi nyuma mpaka mlangoni.

"Toka. Toka kwangu kabla sijakung'oa meno bila ganzi."

Alitoka. Injini hakuichukua. Mlio wa gari lake ulipopotea, Ambonisye alisema, "Yule kijana siye aliyemuua Gwamaka."

"Ni nani basi, shemeji?"

Ambonisye alisugua mikono yake mikubwa. Alikuwa na binti mmoja, Tupokigwe. Kabla ya Walinzi kufungwa kwenye magari, lori lililokatika breki lilishuka mlima huohuo wa Lwifwa, likaingia sokoni kati ya watu. Tupokigwe alikuwa amekwenda kununua daftari la nyimbo. Siku Shirika lilipoanza kufunga Walinzi, Ambonisye alichinja mbuzi, akaita kwaya nzima.

"Sijui," alisema. "Usinilazimishe nimchukie Mlinzi. Siwezi. Nimejaribu kwa ajili ya mdogo wangu, na siwezi."

"Basi mimi nitachukia kwa ajili yenu wote wawili."

*

Mlinzi si kitu kikubwa. Ni kama kokwa la parachichi, na kiwandani humwagiwa chuma juu yake ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, asitolewe bila kuivunja hedi yenyewe. Hana macho ndani ya injini. Ana sikio. Kila mafuta yanapowaka ndani ya silinda, hedi hutikisika, na mtikisiko wa kila aina ya injini una mpangilio wake, kama mapigo ya moyo. Mlinzi huukariri siku injini inapozaliwa. Akisikia mwingine, anajua imefunguliwa. Sikio hilohilo ndilo linalopokea habari za barabarani pia: nani anavuka, nani yuko mbele, wapi pa kusimama. Ukiliziba kwa moja, umeliziba kwa yote.

Subilaga alilijua hilo. Kila mtu aliyewahi kucheza na injini alilijua, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu.

Alileta mashine yake ya kutobolea meno kutoka kliniki. Alitafuta mahali chuma kilipo chembamba, akatoboa taratibu, maji yakipoza ncha, kama anavyotoboa jino lililooza mpaka kwenye mshipa. Alipolifikia sikio la Mlinzi, dashibodi ilianza kusema, "Tafad—" ikanyamaza. Alijaza tundu kwa dawa ya kuzibia meno, akaisawazisha. Hakuhisi hatia yoyote. Alijihisi kama mtu aliyemziba mdomo aliyemtukana msibani.

Mchana wa siku iliyofuata aliliwasha gari akatoka. Alikuwa anakwenda Uyole, kwenye kituo cha kanda cha Shirika. Alitaka kuingia getini kwa gari lisilosikia la mtu, alisimamishe katikati ya ua wao kwa mguu wake mwenyewe, kisha awaulize wakubwa wa Ndunguru lile swali la bandani, kama wamemhesabu Gwamaka. Alikuwa ameyapanga maneno. Aliyasema kwa sauti akiwa anaendesha, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa makali.

Jambo ambalo hakuwa amelifikiria ni watu.

Kule Kiwira walikuwa wanavuka barabara kama watu wanaovuka sebule. Mama mmoja alipita mbele yake akizungumza na mwenzake aliyebaki ng'ambo, bila hata kugeuza shingo. Subilaga alikanyaga breki kwa nguvu, gari likayumba. Mama hakuona lolote. Mtu amezaliwa, amekua, ameolewa, na hajawahi kuona gari lisilosimama. Angetazama kwa nini? Subilaga alipunguza mwendo. Alianza kupiga honi, na watu walitazama juu na kando kutafuta ile sauti, maana honi nayo walikuwa wameisahau.

Alipokata kona ya kwanza baada ya soko, mwanamke mwenye sinia la maparachichi kichwani aliingia barabarani. Subilaga alikanyaga breki na kukata usukani kwa pamoja. Alisikia kioo cha pembeni kikigonga kitu laini. Maparachichi yalibingirika kwenye lami, na mwanamke akawa ameketi chini, ameushika mkono wake wa kushoto, ambao kiganja chake kilikuwa kimeelekea upande usio wake.

Subilaga aliruka nje. "Mama! Mama, samahani, nitazame—"

Mwanamke hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama gari. Usoni hakuwa na hasira wala maumivu bado, ila mshangao mtupu, kama mtu aliyeumwa na kiti.

"Halikusimama," alisema. "Mbona halikusimama?"

*

Mwanamke yule aliitwa Sekela. Subilaga alimpeleka kwenye zahanati iliyokuwa karibu, akiendesha polepole mno, kichwa kimetoka dirishani, akipaza sauti "Pisheni! Pisheni jamani!" kama mchunga ng'ombe. Muuguzi wa zamu, dada mnene mwenye sauti kavu aitwaye Tumpe, aliunyoosha mkono akaufunga, asiulize swali mpaka alipomaliza. Kisha alimfuata Subilaga nje.

"Wewe ni yule daktari wa meno. Aliyefiwa pale Lwifwa."

"Ndiye mimi."

"Na hilo gari lako umelifanya kiziwi."

Subilaga hakukataa. Alitegemea kutukanwa, na alikuwa anataka kutukanwa. Badala yake Tumpe alimwonyesha gari la wagonjwa lililoegeshwa chini ya mti wa mkaratusi, majani yamejaa juu ya paa.

"Lile lilikuwa limechoka, ringi zimekwisha. Shirika lilisema halitengenezi tena vipuri vyake. Halmashauri ikatuchongeshea pistoni Mbeya, likatembea vizuri. Siku uliyofiwa wewe, na lenyewe likagoma. Tangu hapo watu wanabebwa kwa machela." Alimsogelea. "Lizibe sikio na hili. Nitaliendesha mwenyewe, kwa uangalifu."

"Na mimi niliendesha kwa uangalifu."

"Kwa hiyo watu wangu wafe?"

"Mama aliye ndani mle nimemvunja mkono saa hii!" Subilaga alipiga boneti kwa kofi. "Siwezi kuzibua huku nikaziba kule! Usiniulize hilo swali, nenda kawaulize Shirika!"

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Ambonisye alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama mlangoni mwa banda, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alimpazia sauti.

"Umeendesha gari kipofu sokoni?"

"Shemeji—"

"Sokoni, Subilaga! Kwenye barabara iliyomla mwanangu! Ungemuua yule mama ningekuja kukaa matanga ya nani? Ningekupa pole wewe au yeye?"

"Na Gwamaka je? Naye ni nduguyo! Nilimbeba mgongoni! Magari yakapita, shemeji, yananizunguka kama mimi ni jiwe, na wewe unakuja kunitetea hiyo mashine!"

"Siitetei!" Alishika kichwa. "Siitetei. Nataka kitu kimoja tu, nitoke nyumbani nijue hakuna lori linalonijia. Na natamani mdogo wangu asingesimamishwa. Vyote viwili. Kwa nini nichague? Nani kanipa hiyo kazi ya kuchagua?"

Ndani ya nyumba shangazi mmoja alikohoa. Subilaga aliketi kwenye kreti, na hasira haikuwa imepungua hata kidogo, ila ilikuwa imekosa pa kwenda.

Kisha Ambonisye alisema, kwa sauti yake ya kawaida, "Mlinzi anakariri mapigo ya siku ya kuzaliwa."

"Ndiyo."

"Ikiwa injini imefunguliwa, ikabadilishwa kila kitu, lakini ikapiga yaleyale?"

Subilaga alimtazama. "Haiwezekani. Pistoni ikizidi uzito wa punje ya mchele, mpangilio unabadilika."

"Nimefundisha kwaya maisha yangu yote," alisema Ambonisye. "Watu arobaini, kila mmoja na koo lake, na nikawafanya wasikike kama mtu mmoja. Usiniambie haiwezekani. Niambie ni vigumu."

*

Ilikuwa vigumu. Walilivuta gari la wagonjwa kwa trekta hadi bandani, wakaishusha injini. Ambonisye alikwenda Kyela, ambako kulikuwa na gari la aina hiyohiyo lisilowahi kufunguliwa, akarekodi mapigo yake, akarudi nayo kichwani na kwenye simu. Mlinzi hawakumgusa. Walimwachia sikio lake, habari zake za barabarani, na ukali wake wote. Walichofanya ni kuifundisha injini mpya kuongea kwa sauti ya ile ya zamani.

Subilaga alipunguza pistoni kwa vifaa vyake vya meno, akikwangua vumbi la chuma kidogo kidogo na kupima kwenye mizani ya dawa. Alisaga kamshafti ili vali zifunguke kwa uvivu uleule wa kiwandani. Pistoni zake nyepesi alizokuwa akizionea fahari hazikuwa na nafasi hapa. Injini hii ilipaswa kuwa ya kawaida kabisa, na alijikuta anaichukia kazi hiyo ya kuzuia uzuri kwa makusudi. Kila walipoiwasha nje ya gari, Ambonisye aliweka bisibisi ndefu juu ya hedi, mpini sikioni, akafumba macho.

"Silinda ya tatu inachelewa kidogo."

"Nimeipima!"

"Pima tena. Inachelewa."

Wanazima, wanafungua, wanaanza upya. Waligombana mara nyingi. Siku moja Subilaga alirusha ufunguo wa magurudumu ukutani ukatoboa bati, na Ambonisye akausubiri utulie, akauokota, akamrudishia mkononi.

Asubuhi ambayo Mlinzi aliikubali injini, hakuna aliyeshangilia. Gari liliwaka, dashibodi ikaonyesha taa ya kijani, basi. Lakini hawakujua kama sikio lake la barabarani bado lilikuwa zima, maana walikuwa wameitikisa hedi ile kuliko ilivyopaswa kutikiswa. Ilibidi wajaribu. Walilitoa gari hadi kwenye barabara ya udongo iliyopita kando ya mashamba ya chai.

"Nitasimama mimi," Subilaga alisema.

"Hapana. Mimi siwezi kuendesha gari kumwelekea mtu. Sitaweza hata nikikubali." Ambonisye alikuwa ameshaanza kutembea. "Endesha wewe. Toa mguu kwenye breki."

Alikwenda mbali kidogo, akasimama katikati ya barabara, akampa mgongo, kama wanavyofanya watu wa siku hizi. Akaanza kuimba taratibu.

Subilaga aliingiza gia. Akilini alimwona Sekela amekaa kwenye lami. Aliona mgongo wa shemeji yake, shati la kijivu, kola iliyochakaa, ukikua mbele ya kioo. Aliondoa mguu wa kulia kwenye breki, akaukunja chini ya kiti ili usije ukamsaliti, akaacha gari liende. Lilikwenda. Mgongo ulijaa kioo kizima na bado lilikwenda, na alifungua mdomo kupiga kelele, ndipo gari likasimama kwa nguvu kiasi kwamba paji lake la uso liligonga usukani.

Ambonisye alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaigusa boneti. Ilikuwa karibu vile. Kisha akaendelea na ubeti wake.

*

Ndunguru alikuja alasiri hiyohiyo, wakati Tumpe alipofika kulichukua gari lake. Alikuwa na kidhibiti mkononi, kile cha wakaguzi, ambacho kwa kubonyezwa mara moja humsimamisha Mlinzi yeyote wa kanda nzima.

"Mama Mwaisumo," alimwambia Subilaga. Mvua ilikuwa imeanza, na safari hii viatu vyake vilikuwa na matope. "Nimekuja kwa ajili ya ajali ya Kiwira. Gari lako lina sikio lililozibwa."

"Lina sikio lililozibwa. Nimeliziba mimi, na mkono wa yule mama nimeuvunja mimi. Nitakwenda kulijibia hilo mwenyewe, huna haja ya kunivuta."

Hakutegemea jibu hilo. Akaligeukia gari la wagonjwa. "Na hili? Hili lilikuwa haliwaki."

"Sasa linawaka. Mlinzi wake ni mzima. Muulize."

Aliuliza, kwa kidhibiti. Akasoma. Akalizunguka gari, akafungua boneti, akaona boliti zenye alama mpya za spana. "Mmeifungua injini hii. Anaitambua, lakini mmeifungua. Lazima nilizuie."

Simu ya Tumpe iliita. Alisikiliza, akasema, "Yuko macho? Msimwinue, msimwinue kabisa," akaikata. "Fundi wa paa ameanguka kule Isongole. Hasikii miguu. Nakwenda."

"Dada, gari hili limezuiwa," Ndunguru alisema.

Tumpe aliingia, akafunga mlango, akawasha.

Kidole cha Ndunguru kilikuwa juu ya kitufe. Hakuonekana kama mtu mwenye nguvu. Alionekana kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha moto. Subilaga alimsogelea mpaka matone ya mvua kutoka kwenye nywele zake yakamdondokea kijana kwenye koti. Hakuwa na spana mkononi.

"Bonyeza," alisema. "Ni haki yako. Ila safari hii hutabonyeza ukiwa ofisini. Ingia mle ndani. Mkamchukue yule fundi, mumlaze, umshike kichwa. Mkifika Lwifwa, pale kwenye kona, ndipo ubonyeze. Halafu ubaki naye. Usimwache peke yake barabarani kama mlivyoniacha mimi na mume wangu. Ubaki umtazame."

"Mama, mimi sikutengeneza lile toleo."

"Ingia kwenye gari!"

Ambonisye ndiye aliyemfungulia mlango. Alifanya hivyo kwa upole, kama anamfungulia mgeni kanisani. Ndunguru alimtazama mzee, akamtazama Tumpe aliyekuwa anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, akaingia.

Waliwasubiri bandani. Subilaga alifagia banda lililokuwa limekwisha kufagiwa.

Giza lilikuwa halijaingia Ndunguru aliporudi, kwa miguu kutoka barabara kuu, koti limelowa, damu imekauka kwenye mkono mmoja wa shati.

"Wamempokea," alisema. "Daktari anasema uti wa mgongo haujakatika, umeminywa. Kwa kuwa tuliwahi." Akavua koti. "Alikuwa ananishika kidole njia nzima. Tulipofika pale kwenye kona nilifumba macho."

Subilaga hakumkaribisha kiti.

"Nitaandika kwamba gari la zahanati nililikuta linatambulika," kijana aliendelea. "Huo si uongo."

"Na Gwamaka? Yeye utamwandikaje?"

"Nilikwambia, mfumo umeshaandika—"

"Sijakuuliza mfumo. Mfumo nimeusikia, una sauti nzuri. Nakuuliza wewe, Remigius."

Mvua ilipiga bati. Ndunguru alitazama ile injini ya pistoni nyepesi, ambayo sasa ilikuwa mezani imefunguliwa tena, hedi yake imegeuzwa juu chini na tundu lililozibwa kwa dawa ya meno linaonekana wazi.

"Nitaandika kwamba alikuwa hai," alisema, "na kwamba sisi ndio tuliomsimamisha."

"Andika hapa. Nikuone."

Alisogeza vyuma pembeni kwa kiwiko, akatoa kifaa chake cha kazi, akaandika amesimama, huku Subilaga amesimama nyuma ya bega lake akisoma neno kwa neno. Alimsahihisha mahali pamoja, alipoandika "mgonjwa." Kijana akafuta, akaandika jina la Gwamaka. Kisha akatia sahihi, akatuma.

Subilaga alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari.

"Shemeji, vali ya nne usiiguse mpaka nirudi."

"Sitaigusa," Ambonisye alisema.

Kisha alimpita Ndunguru, akatoka mvuani, akatangulia kuelekea barabarani, kwenda mbele ya Shirika kujibu habari za mkono wa Sekela.